Bweni la jirani na jiko kubeba kombe kila mwaka: mliosoma bweni Tabora, tuambiane ukweli

#1 Dabodeka ya Juu

Wakuu, salama?

Kuna kitu kimenikaa kooni tangu nimalize kidato cha nne mwaka 1999, na leo nimeamka nacho. Shule siitaji. Ya wavulana, Tabora mjini, mabweni manne: Mirambo, Isike, Mkwawa na Lumumba. Waliopita hapo watajijua.

Mimi nilikuwa Mkwawa. Miaka yote minne niliyokaa pale kombe la mabweni lilikwenda Isike. Minne, sio mitatu. Nilicheza fainali mbili nikiwa beki wa kushoto, zote tukafungwa, na ile ya mwisho tulifungwa na jamaa aliyevaa raba moja tu, mguu wa kushoto. Wa kulia peku. Na alipiga kwa wa kulia.

Sasa Isike lilikuwa limepakana na jiko. Ukuta wa bweni na ukuta wa jiko, katikati anapita mtu mmoja tena kwa ubavu. Sisi Mkwawa tulikuwa kule mwisho kwenye mikorosho, kengele ya chakula ikigongwa mpaka tufike foleni, Isike wanaosha sahani. Imani yangu ni kwamba siri yote ilikuwa ukoko. Wapishi walikuwa wanakwangua masufuria usiku baada ya prepo, na mkwaruzo ule walikuwa wanausikia Isike peke yao.

Ni ukoko, au kulikuwa na jambo lingine? Isike mliomo humu, umri umeshakwenda, semeni tu.

#2 Fukusi

Siti ya mbele. Ila ukoko haufungi magoli mkuu, ungekuwa unafunga wapishi wangechezea Taifa Stars.

#3 Ubavu wa Jiko

Isike, 1996 mpaka 1999. Kwanza salamu kwa Mkwawa wote, na poleni.

Ukoko tuliula, sikatai. Lakini haukuwa wa bure. Mpishi mkuu alikuwa na masharti: jioni unapasua magogo, usiku unapewa ukoko. Yale magogo ya miombo mnayajua, shoka linagonga linarudi usoni kwako. Kijana wa miaka kumi na sita anayepasua kuni mwaka mzima, utamkaba vipi? Ninyi jioni mlikuwa mnafua shati na kuota jua. Kwa hiyo weka rekodi vizuri: yale yalikuwa mazoezi. Ukoko ulikuwa posho.

#4 Mgebuka Mkavu

Mnazunguka mbuyu. Jibu ni reli.

Sisi wa Kigoma tulikuwa tunakuja na treni. Shule inafunguliwa Jumatatu, treni inaingia Tabora Jumatano, na hiyo ukiwa na bahati haikulala Kaliua. Unashuka stesheni alfajiri na tranka kichwani, ndani ya tranka kuna dagaa na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, ya kukausha, mbwa wote wa mji wanakufuata. Ukifika shule, vitanda vya Mkwawa na Lumumba vimeshajaa. Vilivyobaki viko wapi? Isike. Kwa nini vimebaki? Kwa sababu ya moshi wa jiko! Hakuna aliyelitaka lile bweni. Shuka nyeupe inageuka rangi ya chai ndani ya wiki moja, na nzi ndio usiseme.

Basi kila mwaka watoto wa Ujiji, Mwanga na Gungu wanarundikwa Isike. Mtoto wa Ujiji anacheza mpira kwenye mchanga wa ufukweni tangu hajaota meno ya pili. Ukimtoa kwenye mchanga wa ziwa ukamtupa kwenye mchanga wa Tabora, ni kama umemhamisha chumba tu.

Huyo wa raba moja anayemsema mleta mada ni wa kwetu. Raba ya pili hakuibiwa. Alikuwa anachezea moja kwa makusudi, alisema mguu wa kupigia lazima uusikie mpira.

#5 Dabodeka ya Juu

Mgebuka umeniua. Miaka yote hii nilijua hakuwa na hela ya raba, na nikimkumbuka namuonea huruma kidogo. Kumbe alikuwa ananidharau.

#6 Kamati ya Ufundi

Lumumba hapa. Wakuu mnakwepa ukweli kwa heshima tu.

Fainali ya 1998, asubuhi yake mimi na wenzangu wawili tulitumwa kuchora mistari kwa majivu. Goli la upande wa mashariki, chini ya nguzo ya kulia, udongo ulikuwa umefukuliwa usiku na kurudishiwa. Tukachimba. Yai, limefungwa kwa uzi mwekundu na karatasi ya daftari la Fizikia, ile yenye mistari midogo. Tukaenda kulitupa kwenye choo cha shimo. Tulifungwa tatu bila, na magoli yote matatu yaliingilia upande wa nguzo ile.

Sisemi kitu. Nasema nilichokiona.

#7 Fukusi

#6 hiyo ni chai, tena ya rangi. Yai lenyewe shuleni tulikuwa tunaliona kwenye kitabu cha Baiolojia, leo mtu alipate akalizike?

#8 Ubavu wa Jiko

Fukusi, mayai yalikuwepo. Mke wa mwalimu mmoja alikuwa anafuga kuku nyuma ya nyumba za walimu. Naishia hapo.

#9 Mzee wa Stesheni

Vijana, someni hata majina ya mabweni yenu. Mirambo wa Urambo aliwapiga Waarabu wa Tabora mwaka 1871, Stanley mwenyewe akiwa upande wao, wakakimbia mpaka mji ukawa wazi. Isike ndiye aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe wakati huo. Kwa hiyo kihistoria Mirambo alimshinda Isike. Bweni la Mirambo kufungwa na Isike ni aibu kwa mizimu.

#10 Tembe la Kwihara

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umeteleza kidogo. Mwaka 1871 mtemi wa Unyanyembe alikuwa Mkasiwa. Isike alishika utemi mwaka 1876. Mirambo naye akafariki 1884, na Isike akaendelea mpaka Januari 1893 Wajerumani wa Tom von Prince walipovunja boma lake, akalipua baruti akiwa humo humo ndani kuliko kukamatwa.

Ugomvi wa Urambo na Unyanyembe ni kweli ulikuwepo na ulikuwa wa njia ya biashara na pembe za ndovu. Ila hiyo mechi ya 1871 Isike hakucheza.

#11 Mzee wa Stesheni

Marahaba. Nimepokea. Mkasiwa. Macho yanaona, kumbukumbu ndiyo inapita.

#12 Ubavu wa Jiko

Ndiyo maana wimbo wetu ulikuwa unasema Isike hasalimu amri. Tulikuwa tunauimba kwa Kinyamwezi na nusu yetu tulikuwa Waha hatujui tunasema nini.

#13 Bint Kanyenye

Naomba kupita, mimi nilikuwa upande wa pili wa mji, shule ya wasichana. Siitaji pia, maana metroni wetu bado nakutana naye sokoni.

Nadharia ya jiko kwetu inakufa. Netiboli ya mabweni ilikuwa inachukuliwa na bweni la mbali KULIKO yote na jiko, na mbali na bomba pia. Na sababu tuliijua: maji. Kiangazi, Agosti mpaka Oktoba, bomba lilikuwa linakauka tunachota kisimani. Wao walikuwa wanabeba ndoo ya lita ishirini mara mbili ya umbali wetu, kila siku, kichwani bila kushika. Halafu mnashangaa mfungaji wao shingo haitikisiki, mikono imetulia, anatupia tu. Sisi wa karibu na bomba tulikuwa wanene wenye maneno mengi.

Kwa hiyo kaka wa #3 namuunga mkono. Ni kazi.

#14 Mgebuka Mkavu

Dada, na hao wa bweni la mbali walitokea wapi? Usiniambie Kigoma.

#15 Bint Kanyenye

Wengi walitoka Nzega na Igunga. Poleni na reli yenu.

#16 Njuka wa Kudumu

Wakuu nyie mlifaidi. Sisi tulioingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuta michezo ya shule imefutwa kiserikali. Hakuna UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari nchi nzima, hakuna kombe la mabweni. Uwanja ukaota majani, tukawa tunaufyeka kama adhabu. Ushindani wa mabweni ukabaki ukaguzi wa usafi wa Jumamosi: nani katandika, nani kapiga deki, nani kaficha sahani chafu chini ya godoro. Nimeshuhudia watu wanapigana kwa sababu ya alama mbili za buibui. Michezo ilikuja kurudishwa awamu ya nne, sisi tumeshaondoka.

Mwaka 2022 UMISSETA ya taifa ilifanyika hapa hapa Tabora. Nilikwenda kuangalia, nikakaa jukwaani najisikia kama mtu aliyenyimwa pilau ya msiba wa kwao.

#17 Fukusi

Na kwenye ukaguzi wa usafi nani alikuwa anashinda?

#18 Njuka wa Kudumu

Isike wa mwisho kila wiki. Moshi.

#19 Msuli wa Usiku

Kuna watu hawakucheza na hawakupungukiwa. Nyerere alisoma Tabora mwaka 1937 hadi 1942, shule iliyoanzishwa 1922 kwa ajili ya watoto wa machifu na walioonekana wana akili, ikiendeshwa kama shule za bweni za Kiingereza, viranja na mabweni na yote hayo. Wasifu wake unasema michezo alikuwa anaikwepa, wenzake wakiwa uwanjani yeye yuko bwenini anasoma. Nasi watu wa msuli, wa kukesha na vitabu, tulikuwa tunaitwa mayai. Leo mayai tuko wapi na mabeki wa kushoto wako wapi?

#20 Dabodeka ya Juu

Msuli wa Usiku, beki wa kushoto niko Isevya nina duka la vifaa vya ujenzi na mabati ya nyumba yako huenda umenunua kwangu. Endelea.

#21 Fukusi

Si alisoma St. Mary's ya hapa Tabora huyo?

#22 Tembe la Kwihara

Hapana. St. Mary's alifundisha, 1946 mpaka 1949, baada ya kutoka Makerere. Kusoma alisoma ile ya serikali. Na kuna kisa kingine kwenye wasifu huo huo, kwamba walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba ni mpole mno.

#23 Ubavu wa Jiko

Mpole mno. Angekuja Isike angepasua kuni.

#24 Kamati ya Ufundi

Turudi kwenye mada. Kuna aliyewahi kutembea ule uwanja na ndoo ya maji? Mimi nimewahi, kwa adhabu. Uwanja unateremka. Kutoka goli la magharibi kwenda la mashariki unateremka kabisa, mvua ikinyesha maji yote yanakwenda kukaa golini mashariki. Na Isike, niambieni kama naongopa, kipindi cha pili walikuwa wanashambulia kuelekea mashariki kila fainali. Shilingi inarushwa na refa, refa ni mwalimu wa michezo, mwalimu wa michezo ni mlezi wa bweni gani?

#25 Mgebuka Mkavu

Juzi yai, leo mteremko. Mkuu chagua moja.

#26 Kamati ya Ufundi

Kwani haviwezi kwenda pamoja? Yai lilikuwa goli la mashariki.

#27 Ubavu wa Jiko

Mlezi alikuwa wetu, kweli. Lakini huyo mwalimu alikuwa anatuchapa zaidi kuliko nyie wote kwa sababu alikuwa anatuona kila siku. Upendeleo gani wa fimbo sita?

#28 Kisamvu

Hakuna anayekumbuka nyuki? Nusu fainali, Mirambo na Lumumba, kabla ya mvua. Mtu kapiga shuti likapaa mpaka kwenye ule mwembe mkubwa wa nyuma ya goli, kumbe kuna mzinga mtu kautundika. Wametoka kama moshi. Wachezaji, refa, mwalimu wa zamu, watazamaji, wote tumelala chini kifudifudi kama gwaride limepigwa risasi. Kipa wa Lumumba akakimbilia kwenye pipa la maji la jikoni akazama mzima, na jioni uji ulipikwa kwa maji yale yale. Aliyekuwa mbele kwa goli moja mpaka leo hajulikani.

Baadaye naona timu ya mkoa iliyopanda ligi kuu, Tabora United, wanaiita Nyuki wa Tabora, watu wanashangaa jina. Mimi sishangai.

#29 Mzee wa Stesheni

Asali ya Tabora ina bei yake.

#30 Fukusi

Hiyo timu nayo Agosti 2023 mechi yake ya kwanza ya ligi kuu walikwenda kwa Azam wakiwa wachezaji wanane. Mpira ukaishia dakika za mwanzoni, wameshakula nne. Hata Mkwawa walikuwa wanatimia kumi na moja.

#31 Dabodeka ya Juu

Acheni Mkwawa. Tulikuwa tunatimia mpaka na akiba.

#32 Mwanauchumi wa Cheyo

Nimesoma kurasa zote. Mnatafuta uchawi, mnaacha kanuni ya mashindano yenyewe. Zawadi ilikuwa nini? Mimi nilikuwa Mirambo, nakumbuka vizuri: bweni bingwa linatangulia foleni ya chakula muhula mzima unaofuata, na Jumapili moja linachinjiwa mbuzi.

Fikirini. Anayetangulia anapata maharage yenye maharage. Wa mwisho anapata supu yenye historia ya maharage. Mimi na wenzangu wengi wa Mirambo tulikuwa tunapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku na michembe, viazi vitamu vya kukausha, ya kutoka nyumbani unaitafuna usiku chini ya blanketi mwenzako asisikie. Halafu mwezi wa kumi unatuambia tukashindane na watu waliokula kwanza miezi mitano. Aliyeshinda jana ndiye analishwa ili ashinde kesho. Hakuna ukoko wala reli hapo.

#33 Mgebuka Mkavu

Na mara ya kwanza walishindaje, kabla hawajaanza kutangulia?

#34 Mwanauchumi wa Cheyo

Hiyo ni bahati. Lazima mtu aanze.

#35 Mgebuka Mkavu

Bahati iliyoshuka na treni ya Jumatano.

#36 Kaka Mkuu Mstaafu

Ndugu zangu, habari za siku. Nilikuwa Lumumba, nilikuwa pale 1994 hadi 1997, na mwaka wa mwisho nilikuwa kwenye kamati ya michezo. Nimesita kuandika ila mleta mada kakosea jambo ambalo wote mmelibeba.

Isike hawakuchukua minne. Fainali ya 1997, Isike na Mkwawa, haikumalizika. Ile mvua ya El Niño. Dakika ya hamsini na kitu, moja kwa moja, radi ikapiga upande wa bwalo, tukawaondoa watu. Wiki iliyofuata uwanja ulikuwa bwawa, kisha ikaja mitihani ya taifa, kisha likizo. Kombe likabaki lilipokuwa, kwa Isike, kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kulichukua. Kwenye kitabu cha kamati tuliandika "haijaamuliwa" kwa wino mwekundu. Mwandiko ni wangu.

#37 Dabodeka ya Juu

Kaka mkuu shikamoo. Subiri kwanza. MOJA KWA MOJA? Mimi nilikuwa kidato cha pili, sikuwa kikosini, nilikuwa na homa sick bay. Nikaambiwa tumefungwa. Miaka yote hii nimeishi nikijua tumefungwa.

#38 Ubavu wa Jiko

Mlikuwa mnakwenda kufungwa. Radi iliwahi.

#39 Dabodeka ya Juu

Haijaamuliwa. Wino mwekundu. Mtani soma tena.

#40 Bint Kanyenye

Kaka wa Mkwawa amepata faraja kwa radi. Tumsindikize.

Halafu kaka mkuu mstaafu, wewe ndiye uliyekuja na kikosi shuleni kwetu kwenye bonanza la 1997, ukahutubia Kiingereza dakika arobaini juani? Kuna mtu alizimia, nilikuwa mimi.

#41 Kaka Mkuu Mstaafu

Dada naomba radhi. Hotuba niliandikiwa.

#42 Kisamvu

Swali la kizushi: hilo kombe lenyewe liko wapi siku hizi? Lilikuwa la bati zito, lina masikio mawili, moja limelegea.

#43 Njuka wa Kudumu

Aisee! Lina masikio mawili, pembeni limebonyea kama limekanyagwa?

#44 Kisamvu

Ndilo. Alilikanyaga golikipa wetu wakati wa kushangilia nusu fainali tuliyoshinda kimakosa.

#45 Njuka wa Kudumu

Basi nimelishika. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa naingia zamu ya stoo ya chakula. Sikio moja hakuna kabisa. Limo ndani ya gunia la chumvi, mpishi anapimia. Kombe moja la chumvi kwa sufuria mbili za maharage.

#46 Ubavu wa Jiko

Stoo ile ya upande wa ukuta wetu?

#47 Njuka wa Kudumu

Hiyo hiyo.

#48 Ubavu wa Jiko

Asanteni wakuu, mimi nimemaliza.

#49 Dabodeka ya Juu

Hujamaliza. Jumamosi napanda bodaboda naenda kumuona huyo mpishi. Kaka mkuu, hicho kitabu cha wino mwekundu aliachiwa nani?